Zawadi Inayokwisha Saa Tisa Usiku

Mhadhara wa wazi uliotolewa jijini Dodoma kuhusu levo mpya na matukio ya muda katika gemu za bure za simu

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi, na ninyi wazazi mliokuja kuthibitishiwa kwamba simu inawaharibu watoto,

Hao wa mwisho nawaomba radhi mapema. Sikuja kuihukumu simu. Nimekuja na swali dogo, ambalo watengenezaji wa gemu hukesha wakilijadili na wachezaji wetu hulilipia bila kuulizwa. Gemu imepakuliwa bure, imechezwa leo, imependwa. Sasa inataka mchezaji arudi kesho. Imwandalie nini? Imwongezee levo mpya aendelee pale alipoishia, au imfungulie shindano la siku tatu, lenye zawadi na saa inayopungua sekunde kwa sekunde pembeni ya kioo?

Msimamo wangu nautoa sasa hivi: kwa mchezaji wa nyanda hizi za kati, anayenunua bando kidogo kidogo na kuchaji simu umeme ukiwepo, levo ni ya haki kuliko tukio la muda. Nitaeleza kwa nini, wala sitaficha kwamba levo nayo ina hila zake.

Tuanze na gemu mnazozijua. Candy Crush Saga ya kampuni ya King ilianzia kwenye Facebook Aprili 2012, ikaingia kwenye simu Novemba mwaka huohuo. Kiini chake ni ramani. Unapanda levo baada ya levo, na kampuni imekuwa ikiirefusha ramani hiyo wiki hadi wiki mpaka levo zimevuka elfu kumi. Mama wa Bahi aliyeiacha levo ya 340 msimu wa mpunga ulipoanza, akirudi baada ya miezi miwili ataikuta palepale, pipi zimejipanga, hakuna aliyemnyang'anya kitu.

Subway Surfers ya SYBO ya Denmark, iliyotoka mwaka 2012, haina ramani ya namna hiyo. Mtoto anakimbia relini, askari na mbwa nyuma yake, mpaka agonge kitu, basi. Ili mchezaji asichoke, tangu Januari 2013 mchezo umekuwa ukihamahama miji ya dunia, ukianzia New York. Kila baada ya wiki chache mji hubadilika. Mbio ni zilezile, na anayekimbizwa bado anakimbizwa. Kipya ni mandhari, pamoja na mhusika anayetolewa kwa wiki hizo tu. Ukimkosa umemkosa, labda siku moja wamrudishe.

Tofauti kubwa kati ya hizi mbili, kwa jicho la fundi, ni mahali kitu kinapokaa. Levo ukishaipakua inakaa kwenye simu yako. Unaweza kuicheza ndani ya basi la kwenda Kondoa, mtandao ukatike wapi utakapokatika. Tukio linakaa kwenye seva, mbali, na simu inalichungulia tu. Hata saa zake ni tofauti. Candy Crush humpa mchezaji maisha matano, na kila uhai anaoupoteza hurudi baada ya dakika 30. Vijana hawakukawia kugundua kwamba ukiingia kwenye mipangilio ukaisogeza saa ya simu mbele, maisha yanarudi papo hapo. Saa ilikuwa mikononi mwa mchezaji, naye akaichezea. Saa ya seva haichezewi, na wala haijui kwamba Dodoma kuna usiku.

Hilo la usiku nataka tukae nalo kidogo. Gemu nyingi huhesabu siku kwa saa ya kimataifa, ile ya Greenwich. Saa sita usiku ya kule ni saa tisa usiku hapa. Hapo ndipo kazi za siku hufungwa, zawadi isiyochukuliwa hufutika, na mlolongo wa siku ulizoingia bila kukosa hukatika ukaanza upya na moja. Gemu zinazofuata saa za California zina kituko cha ziada. Wamarekani husogeza saa zao Machi na Novemba, sisi hatusogezi. Kwa hiyo siku ya gemu hiyohiyo itaisha saa nne asubuhi miezi fulani, na saa tano asubuhi miezi mingine, mwanafunzi akiwa darasani na mwenye genge pale Majengo akiwa na wateja. Kijana anayetega alamu ya saa nane na nusu usiku ili adai sarafu ambazo hazinunui hata andazi, huyo hachezi tena. Yuko zamu.

Mtaniambia: zamu hiyo hakulazimishwa. Kweli. Lakini tazameni jinsi ilivyojengwa, kwa sababu haikuanza jana. Oktoba 2009 Apple iliruhusu programu za bure kuuza vitu ndani yake; kabla ya hapo ulilazimika kulipia programu yenyewe kwanza. Miezi michache nyuma, Juni 2009, kampuni ya Zynga ilikuwa imefungua FarmVille kwenye Facebook, gemu ya kilimo. Ulipanda stroberi, ukasubiri saa 4 zikomae, na usiporudi kwa wakati zilinyauka shambani. Mimi huwaambia wanafunzi wangu waitafakari gemu hiyo wakiwa hapa Dodoma, si kwingine. Mkulima wa uwele wa Chamwino ana msimu mmoja wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, na mvua ikikatika Februari hana wa kumlaumu. Zynga walichukua wasiwasi huo wa mkulima, wakaupunguza ukubwa ukatosha mapumziko ya chai ofisini, kisha wakauza dawa yake: kwa kitu kidogo cha kulipia, mazao yaliyonyauka yanafufuka. FarmVille ile ya kwanza ilifungwa Desemba 31, 2020. Mbinu yake haikufungwa.

Sasa kwa nini kampuni hupenda matukio? Si kwa ubaya wa moyo. Levo ni ghali. Mtu mmoja au wawili hukaa wakiipanga, huijaribu, huilegeza, huikaza, kisha mchezaji hodari huimaliza wakati anasubiri chipsi zikaangwe. Ukiwa na wachezaji wengi walioufikia mwisho wa ramani, unawapikia watu wanaokula haraka kuliko jiko lako. Tukio linatumia tena ulivyonavyo: mbio zilezile na maadui walewale, ukaongeza rangi mpya na jedwali la washindi. Halafu kuna hesabu. Wenye gemu hupima ni wachezaji wangapi wamerudi siku ya 1, ya 7 na ya 30 baada ya kupakua, na meneja anayeona namba ya siku ya 7 ikianguka hatangoji mbunifu wa levo amalize kazi. Anafungua tukio Ijumaa.

Pia wanaolipa ni wachache mno, asilimia chache tu ya wachezaji wote. Karibu kila gemu ya bure huishi kwa mifuko ya hao. Wengine, na ndimo wengi wetu wa Dodoma tulimo, hatutoi hata senti. Je, tunachezeshwa kwa hisani? Hapana. Shindano lisilo na watu halina mshindi. Aliyetoa fedha kule Seoul au Houston anahitaji elfu kadhaa wa kuwashinda ili ushindi wake uwe na ladha, na elfu hao ni pamoja na mwanafunzi wa hosteli aliyekopa bando. Kwa hiyo tunalipa, ila kwa muda wetu.

Shinikizo huzidi pale tukio linapokuwa la kundi. Mwaka 2014 Supercell ya Finland iliingiza vita vya koo katika Clash of Clans: siku nzima ya kujiandaa, kisha siku nzima ya kupigana, kila mmoja na mashambulizi yake mawili. Ni ubunifu mzuri, tena sana. Umewakutanisha watu ambao wasingejuana maishani. Lakini usipotokea, anayekusema si kampuni. Ni wenzako. Saa ya seva imepata wanyapara wa kujitolea, na bando likikuishia siku ya vita hutolewa kwenye ukoo bila kuulizwa habari za nyumbani.

Nimelitaja bando mara tatu. Sasa nilipe nafasi yake. Hapa hoja yangu inapata pingamizi la kweli, na anayenipinga ana haki. Levo mpya zina uzito. Gemu kubwa za mpira na za kupigana hudai masasisho ya mamia ya megabaiti, nyingine gigabaiti, na mwenye Tecno au itel ya hifadhi ndogo hulazimika kufuta picha za harusi ya dada yake ili zienee. Tukio huja jepesi: seva hutuma maelezo machache, rangi, tarehe, orodha ya zawadi, na kazi imeisha. Kwa hesabu ya megabaiti peke yake tukio ni rahisi.

Lakini bando letu halihesabiwi kwa megabaiti peke yake. Lina tarehe ya kufa. Kuna la siku, la wiki, la mwezi, na la usiku kwa wanaoweza kukesha. Ndiyo maana Aprili 2021 bei mpya za vifurushi zilipotangazwa kelele zilipanda mpaka Serikali ikazisitisha. Mtu anayenunua bando la siku Jumamosi anaweza kupakua levo hamsini siku hiyo na kuzicheza wiki nzima akiwa hana kitu. Tukio la siku saba linamtaka awe na bando siku saba mfululizo. Uzito wa levo unaulipia mara moja. Wepesi wa tukio unaulipia kila siku.

Na siku nyingine huna hata cha kununua. Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini mwa Afrika, na intaneti ya Tanzania na majirani ikazorota kwa siku kadhaa. Benki na ofisi zilikuwa na shida kubwa kuliko gemu, sikatai. Ila lilikuwa jaribio ambalo hakuna maabara ingeweza kulipanga. Gemu za levo zilizokwisha pakuliwa ziliendelea kuchezeka vibarazani. Za matukio ziliendelea pia, kule seva zilipo, bila sisi.

Kama kuna anayedhani levo bila tukio haiwezi kumrudisha mtu kesho, nimpeleke Tanga. Kati ya mwaka 2017 na 2019, mkoani humo, yalifanyika majaribio ya shindano la Global Learning XPRIZE, lililokuwa na fungu la dola milioni 15 kutoka kwa wafadhili wakiongozwa na Elon Musk. Karibu watoto 3,000 katika vijiji 170 walipewa vishikwambi vya Pixel C vyenye programu za Kiswahili za kusoma, kuandika na kuhesabu. Umeme ulitoka kwenye vituo vya sola vijijini. Mwalimu hakuwepo, wala intaneti ya kumletea mtoto shindano jipya kila Ijumaa. Asilimia 74 ya watoto hao walielezwa kuwa hawajawahi kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza kusoma hata neno ilikuwa imepungua kwa nusu. Mei 2019 tuzo kuu ya dola milioni 10 ilikwenda kwa wawili waliolingana, Kitkit School na onebillion.

Mtasema ile ilikuwa elimu, si burudani. Mtoto wa miaka minane hajui mpaka huo. Alichojua ni kwamba kuna kitu jana kilimshinda na leo bado kinamngoja. Aliyeugua malaria wiki nzima alirudi akaanzia alipoachia. Hebu wazieni programu ileile ikiwa na zawadi ya kuingia siku saba bila kukosa: mtoto aliyetumwa kuchunga mbuzi siku ya tano angejifunza kwamba kishikwambi si chake.

Sasa hila za levo, kama nilivyoahidi. Levo ya 65 ya Candy Crush ilivuma duniani kwa ugumu, hata baadaye ikalegezwa. Ukuta kama huo una biashara yake: hapo ndipo huuzwa nyundo ya pipi na mizunguko ya nyongeza. Na yale maisha matano ya dakika 30 ni saa pia, imefichwa tu ndani ya levo. Lakini ukuta wa levo unashindika kwa akili na subira, na vyote viwili havihitaji vocha. Isitoshe, maisha yanapoisha mchezaji anapewa sababu ya kuweka simu chini akapike. Tukio, kinyume chake, linamwita ainyanyue.

Je, nataka matukio yafutwe? La. Watu wa Dodoma hatuwezi kujifanya hatupendi tukio. Kila Agosti viwanja vya Nzuguni hujaa kwa Nane Nane, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba maonyesho hayadumu mwaka mzima. Ila tarehe yake inajulikana tangu tukiwa watoto. Ni ileile kwa waziri na kwa mkulima wa zabibu wa Hombolo. Ukikosa mwaka huu kwa msiba, mwakani ipo, na ng'ombe ambao hukuwaona hawakupunguzii cheo kijijini. Tukio la gemu likiwa hivyo, yaani linatangazwa mapema, linarudi, halibagui kwa fedha na halimwadhibu asiyefika, mimi nitakuwa wa kwanza kulichezea.

Lisilovumilika ni lile la saa ya uongo, na hapa naondoka kwenye ladha naingia kwenye sheria. Mei 2024 mamlaka ya Uholanzi inayosimamia watumiaji na masoko, ACM, iliipiga Epic Games, wenye Fortnite, faini ya euro 1,125,000. Sehemu ya kosa ilikuwa maneno ya kuwasukuma watoto wanunue. Sehemu nyingine ilikuwa zile saa zinazopungua: ziliwafanya watoto waamini kwamba bidhaa inaondoka muda ukiisha, kumbe nyingine zilibaki zikiuzwa. Sisi hatuhitaji kungoja sheria mpya. Sheria yetu ya Ushindani, Na. 8 ya mwaka 2003, inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara, na haikusema kwamba duka lililo ndani ya simu limesamehewa. Saa inayodanganya ni bango la "bei ya mwisho leo" linaloning'inia mwaka mzima, na Tume ya Ushindani inajua cha kufanya na bango la namna hiyo.

Kabla sijaketi, neno kwa wanafunzi wa kompyuta walioko hapa, kutoka Chuo Kikuu cha Dodoma na vyuo vingine vya jiji hili, ambao najua wengine mmekwisha anza kuandika gemu zenu usiku. Mtashawishika kuiga matukio ya makampuni makubwa kwa kuwa hamna watu wa kuwatengenezea levo mia tano. Kumbukeni kuna njia ambayo haihitaji levo wala tukio. Bao lina mashimo 32 na kete 64, namua kisha mtaji, na halijapata sasisho tangu enzi za mababu. Upya wake ni mtu aliyeketi mbele yako. Ndiyo maana vijana hucheza gemu ya mpira wawili wawili kwa kuunganisha simu, bila bando, hadi chaji iishe. Mpinzani ni maudhui yasiyogharimu megabaiti. Mkimpa mchezaji jirani wa kucheza naye, levo ishirini zinawatosha kuanzia.

Na mkishamaliza kuandika, kabla hamjaipeleka gemu yenu sokoni, fanyeni jaribio moja kwa niaba yangu. Iwekeni kwenye simu ya bei ndogo, chezeni kidogo, kisha iacheni simu hiyo kwenye hali ya ndegeni siku tano. Siku ya sita iwasheni. Mkikuta mchezaji wenu amepoteza kitu alichokuwa nacho, irudisheni mezani mkairekebishe.